Skrubu Ndogo ya Probu: Maswali Matatu Kabla ya Kuamini Wimbi la Oskiloskopu

Kazi inayoletwa mezani kwa mafundi wa umeme wa Moshi imebadilika sana ndani ya kizazi kimoja. Wakati wa redio za mbao na televisheni za kioo kizito, fundi mwenye multimita na sikio zuri alifika mbali. Leo anafungua inveta ya sola iliyoshuka kutoka Rombo au Marangu, chaja ya simu, taa ya LED, au pawasaplai ya mashine ya hospitali, na karibu kila kimoja hufanya kazi kwa kuukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Multimita ya kawaida haiuoni mkato huo. Anayetaka kuuona anahitaji oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji jinsi inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda.

Mtu akishapata oskiloskopu, iwe ya kidijitali kutoka China au ya mtumba kutoka Ulaya, macho yote huhamia kwenye skrini. Waya unaopeleka umeme kwenye skrini hiyo, yaani probu, huonekana kuwa kamba tu. Hapo ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Probu ni sehemu ya kipimo, na wimbi lililochorwa haliaminiki mpaka maswali matatu yamejibiwa: je, umbo la wimbi limefika salama? Je, ukubwa wake ni wa kweli? Je, probu yenyewe haikubadilisha kilichokuwa kinapimwa? Mafundi wengi hujibu swali la kwanza na kudhani wamemaliza. Kila swali lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kilichomo ndani ya probu

Probu ya kawaida, ile isiyotumia umeme wake yenyewe, huwa na swichi ya 1× na 10×. Ikiwekwa kwenye 10×, rezista ya megaohimu 9 iliyo kwenye ncha huungana na rezista ya megaohimu 1 iliyo kwenye mlango wa oskiloskopu. Volti 10 za kwenye ncha hufika volti 1 mlangoni, nayo oskiloskopu huzidisha kwa kumi kabla ya kuandika namba. Kama umeme wote ungekuwa wa betri, hesabu ingeishia hapo.

Lakini kebo ya probu ni waya uliozungukwa na wavu wa waya mwingine, na waya mbili zilizokaa karibu hivyo ni kapasita hata kama hakuna aliyeiweka. Tuseme kebo na mlango wa oskiloskopu kwa pamoja vina pikofaradi 108. Umeme wa kasi hupita kwenye kapasita hiyo kwa urahisi kuliko kwenye rezista, na bila ya kuzuiwa ungemezwa njiani. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huweka kapasita ndogo ya pili, tuseme ya pikofaradi 12, sambamba na rezista ya kwenye ncha. Sharti ni moja: rezista mara kapasita ya upande wa ncha ilingane na rezista mara kapasita ya upande wa kifaa. Tisa mara 12 ni 108. Moja mara 108 ni 108. Zikilingana hivyo, umeme wa betri, umeme wa TANESCO wa hezi 50 na umeme wa kasi wa inveta wote hugawanywa kwa kumi sawasawa.

Ugumu unatokana na kwamba milango ya oskiloskopu haifanani. Moja ina pikofaradi 13, nyingine 20, na baadhi ya zile kongwe zilifika 47. Hata milango miwili ya kifaa kimoja hutofautiana kidogo. Kiwanda hakiwezi kujua probu yake itachomekwa wapi, kwa hiyo huacha kapasita moja ya kurekebishwa, pamoja na skrubu yake ndogo, kwenye mpini wa probu au kwenye kiboksi cha upande wa plagi. Skrubu hiyo ni ya mtumiaji, na kazi hiyo imeachwa kwake makusudi.

Swali la kwanza: umbo

Oskiloskopu huwa na kijichuma usoni kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Iache iwake nusu saa ipate joto lake la kawaida, kisha chomeka probu kwenye mlango utakaoutumia. Sukuma swichi kwenye 10×, hakikisha na menyu ya mlango huo inasema 10×, bana klipu ya athi kwenye athi ya kifaa, na ncha kwenye kijichuma. Sasa tazama kona za wimbi. Kona zikiwa za duara, kama bega linalopanda taratibu, umeme wa kasi unafika pungufu. Kona zikichomoza ncha kali kisha zikashuka, umeme wa kasi unafika umezidi. Zungusha skrubu polepole mpaka paa la wimbi lilale bapa kuanzia kona hadi kona; huko ndiko kuisawazisha probu.

Bisibisi ya kazi hii iwe ya plastiki. Ya chuma, pamoja na mkono ulioishika, huongeza kapasita yake kwenye sakiti: utaona wimbi limenyooka, na ukiondoa bisibisi linapinda tena. Anayekosa ya kiwandani anaweza kuchonga mpini wa mswaki uliochakaa, au kijiti kikavu cha mwanzi, mpaka kiingie kwenye mfereji wa skrubu.

Kwa nini kilohezi 1? Kwa namba zetu, wimbi lililopinda hunyooka kwa kasi inayopimwa kwa mikrosekunde 108 hivi, na nusu ya wimbi la kilohezi 1 hudumu mikrosekunde 500. Kosa linapata nafasi ya kutosha kujionyesha lote kabla wimbi halijageuka. Hapa ndipo lilipo jambo linalowapita wengi: kwenye wimbi la kasi zaidi kosa lile lile halionekani, ingawa lipo.

Chukua inveta ambayo dereva wake hupeleka wimbi la mraba la kilohezi 50, kati ya volti 0 na volti 12, kwenye geti la transista. Probu haijasawazishwa, upande wa kifaa una pikofaradi 130 badala ya 108. Umeme wa kasi sasa haugawanywi kwa 10 bali kwa takriban 11.8, pungufu ya asilimia 15 au zaidi kidogo. Wastani wa wimbi, volti 6, hufika sawasawa, lakini kimo chake kutoka chini hadi juu kinasomeka volti 10.1 badala ya 12. Kwenye skrini wimbi linaanzia karibu volti 0.9 na kuishia karibu volti 11.1. Nusu ya wimbi hilo ni mikrosekunde 10 tu, kwa hiyo paa halipati muda wa kupinda. Mteremko wake haufiki hata sehemu ya kumi ya volti. Linaonekana mraba safi kabisa.

Fundi anayeliamini atasema dereva ni dhaifu, na kwamba geti halirudi sifuri. Atabadilisha kipuri kizima, mteja atalipa, na ugonjwa halisi wa inveta utabaki ndani. Akijaribu kujihakikishia kwa kupima betri ya volti 12, atasoma 12. Akipima umeme wa TANESCO, kosa halitafika hata asilimia 0.1. Vipimo vyote viwili vya kujihakikishia vitamuunga mkono, kwa sababu vyote viwili ni vya umeme wa polepole. Mkulima yeyote wa kahawa aliyewahi kupeleka gunia kwenye chama cha ushirika anaelewa hatari hii: mizani inayosoma sifuri vizuri ikiwa tupu bado haijathibitisha chochote kuhusu gunia lililojaa.

Kutokana na hayo, kanuni ni nyepesi kukumbuka. Probu isawazishwe kila inapohamishwa kutoka kifaa hadi kifaa au mlango hadi mlango, na isawazishwe kabla ya kazi, kwa kuwa wimbi la kazi yenyewe halitakuonya.

Swali la pili: ukubwa

Wimbi likishalala bapa, kishawishi ni kusema kwamba probu sasa imefanyiwa ugezi. Haijafanyiwa. Usawazishaji unahakikisha kwamba umeme wa kasi na wa polepole vinagawanywa kwa kiasi kimoja. Hausemi kiasi hicho ni 10 kamili, au 9.8, au 10.2. Ugezi ni kukilinganisha kifaa na kiwango kinachojulikana, ambacho nacho kimelinganishwa na kiwango kikubwa zaidi, mnyororo usiokatika mpaka viwango vya taifa. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na lenye maabara ya ugezi Dar es Salaam.

Kijichuma cha kilohezi 1 hakikukusudiwa kuwa kiwango cha volteji. Kilihakikishiwa umbo, kimo chake hutajwa kwa makadirio tu, na kukitumia kuhakiki volti ni kukipa kazi isiyo yake. Fundi ajue pia mpaka wa oskiloskopu yenyewe. Nyingi za bei ya kawaida hugawa skrini nzima katika ngazi 256, na usahihi wa volteji unaoahidiwa na viwanda vyake ni wa asilimia 3 hivi. Rezista za probu huongeza asilimia yake juu ya hapo. Anayetaka kujua kama betri ya sola ina volti 12.6 au 12.8 achukue multimita nzuri. Oskiloskopu imeumbwa kuonyesha umbo na wakati.

Kuhakiki mgawanyo wa probu kwa umeme tulivu hakuhitaji safari ya Dar es Salaam. Pima betri ya volti 9 kwa multimita unayoiamini, kisha ipime kwa probu ikiwa kwenye 10×, na uandike tofauti. Rudia kwa milango yote. Kwa upande wa muda hali ni nzuri zaidi: vipokezi vidogo vya GPS, vinavyopatikana kwa bei ya kawaida, vingi hutoa mdundo mmoja kila sekunde, unaofuata saa za atomiki za setilaiti. Mteremkoni Kibosho au mjini Moshi, anga likiwa wazi, fundi ana kiwango cha muda kilicho bora kuliko saa iliyo ndani ya oskiloskopu yake.

Kosa kubwa kuliko yote katika swali hili ndilo jepesi kuliko yote: swichi ya probu kusema 10× na menyu kusema 1×. Volti 230 zinaandikwa 23, na mtu anapeleka mkono mahali asipopaswa. Hilo halitatuliwi na maabara yoyote ila na mazoea ya kutazama swichi na menyu kabla ya kugusa.

Swali la tatu: je, probu imebadilisha kilichopimwa?

Probu huandikwa megaohimu 10, na wengi huichukulia kama haigusi kitu. Namba hiyo ni ya umeme tulivu. Mfano wetu, kapasita ya 12 ikifuatana na ile ya 108, una pikofaradi kama 11 kwenye ncha. Katika megahezi 10 hiyo ni sawa na kuweka rezista ya ohimu 1,500 hivi kutoka sehemu unayopima hadi athi, na katika megahezi 100 ni ohimu 150 tu. Kwenye 1× mzigo ni mkubwa zaidi, karibu pikofaradi 100 kwa probu nyingi, na wimbi lolote la zaidi ya megahezi chache halifiki kwa ukamilifu. Ndiyo sababu sakiti yenye kristali hunyamaza ghafla ikiguswa, au kifaa kilichokuwa kinakwama huanza kufanya kazi mara tu ncha inapowekwa. Probu imekuwa sehemu ya sakiti.

Jaribio la kulibaini hili halina gharama. Weka probu ya kwanza, tazama wimbi, kisha gusisha probu ya pili mahali palepale. Wimbi likibadilika kwa kuongezwa kwa ya pili, basi lilikwisha kubadilika kwa kuwekwa kwa ya kwanza.

Waya wa athi nao ni mshiriki. Kila sentimita ya waya huongeza takriban nanohenri 10 za indaktansi. Waya wa sentimita 15 pamoja na pikofaradi 10 za ncha hutengeneza kengele ya umeme inayolia karibu na megahezi 130: kila transista inapowaka kwa haraka, skrini huchora mitetemo ambayo haimo kwenye sakiti. Wapo wanaoongeza vichujio kuitibu mitetemo hiyo. Tiba yake ni kuondoa waya mrefu na kutumia ile springi fupi inayokuja na probu, iguse athi sentimita moja tu kutoka kwenye ncha. Kabla ya hapo, bana klipu kwenye athi ya sakiti na uguse ncha papo hapo kwenye klipu. Chochote kitakachochorwa ni kelele iliyookotwa na waya, na kiondolewe kwenye hesabu ya ugonjwa.

Ukarabati wa probu nao una mtego wake. Kebo ya probu ikikatika, ni rahisi kuibadilisha kwa kipande cha kebo ya antena ya televisheni, kwa kuwa kwa nje zinafanana. Lakini waya wa ndani wa probu ya 10× si shaba ya kawaida. Tangu miaka ya 1950, wahandisi wa Tektronix huko Marekani walipotafuta namna ya kuzuia mwangwi wa umeme ndani ya kebo, waya huo hutengenezwa kwa madini yenye ukinzani. Ukiweka shaba, probu itasoma betri vizuri, huenda hata ikasawazishwa kwenye kilohezi 1, kisha itachora mitetemo yake yenyewe kwenye kila wimbi la haraka. Kebo hiyo iungwe pale ilipokatika karibu na plagi, au probu ibadilishwe.

Athi na uhai wa fundi

Usahihi hauna maana kwa mtu aliyepigwa na umeme. Klipu ya athi ya probu imeunganishwa moja kwa moja na pini ya athi ya plagi ya oskiloskopu. Ukiibana upande wa moto wa pawasaplai, pale ambapo umeme wa TANESCO umeingia bila ya kutenganishwa na transfoma, umefunga shoti kupitia kifaa chako. Kilele cha volti 230 ni volti 325, na kati ya fezi mbili kilele hukaribia volti 570. Kuna wanaokata pini ya athi ya oskiloskopu ili shoti isitokee. Wanachofanya ni kulifanya bodi zima la kifaa, na kila kitasa chake, liwe na umeme ule ule. Njia salama ni kukipa kinachopimwa transfoma ya kutenganisha, au kutumia probu ya kupima tofauti ya volteji kati ya sehemu mbili, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba volti zinazoandikwa kwenye mpini wa probu ni za umeme wa polepole. Kadiri kasi inavyopanda, kiasi kinachoruhusiwa hushuka, na kwa 1× mara nyingi ni kidogo kuliko kwa 10×. Mashine za upasuaji wa umeme, zinazotoa mamia ya kilohezi kwa volteji kubwa, haziguswi kwa probu ya kawaida hata kidogo.

Mlima unaongeza sharti lake

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo vifaa hufanya kazi kama vilivyoandikiwa. Lakini mwezi Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, hadi kituo cha Horombo kilichoko mita 3,720. Pale palipo na mitambo, fundi atapanda. Vifaa vingi vya kupimia huandikiwa kikomo cha mita 2,000, vingine 3,000, kwa sababu hewa nyepesi huzuia cheche vibaya zaidi kuliko hewa nzito. Volti ambazo probu inavumilia mjini si lazima izivumilie Horombo. Kitabu cha kifaa kisomwe kabla ya kuanza safari.

Baridi nayo ina sehemu yake. Usawazishaji uliofanywa mjini adhuhuri ukaguliwe upya juu, kifaa kikiwa kimepata joto lake, kwa kuwa kapasita hubadilika kidogo na joto. Wakati wa kushuka hatari hugeuka: kifaa baridi kikifunguliwa kwenye hewa yenye unyevu ya msitu, au wakati wa masika, hutokwa na jasho ndani. Kiachwe kwenye mfuko wake mpaka kipate joto la chumba, ndipo kiwashwe.

Kinachowezekana Moshi

Kuna anayeweza kusema kwamba haya ni ya maabara kubwa, na fundi wa mtaani ana wateja wanaosubiri. Hoja hiyo ina uzito kwa swali la pili pekee, kwa kuwa ugezi kamili unadai fedha na safari. Maswali mengine mawili hugharimu dakika chache na kijiti cha plastiki. Na upande wa pili wa mizani ya gharama upo: vipuri vizima vinavyotupwa, mteja anayerudi na inveta ile ile, na katika hospitali kama KCMC, inayotibu wagonjwa tangu 1971, mashine inayorudishwa wodini ikiwa imerekebishwa kwa kipimo cha uongo.

Hata swali la pili lina njia. Wilaya za Kilimanjaro zina utamaduni mrefu wa kudai kipimo cha haki. Wakulima wa kahawa walianza kujiunga mwaka 1925, na chama chao cha ushirika, KNCU, kikasajiliwa mwaka 1933. Mizani za biashara leo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mkulima hujua kuulizia. Karakana za umeme hazijapata sharti kama hilo, nazo hazihitaji kusubiri sheria. Inatosha taasisi moja yenye karakana ya umeme, chuo cha ufundi cha VETA Moshi kikiwa mfano mzuri, itunze multimita moja bora inayopelekwa TBS kila mwaka, isiyotumika kwa kazi za kila siku, na ifungue mlango siku moja kwa muhula ili mafundi wa mjini walete mita na probu zao kulinganisha. Safari moja ya Dar es Salaam itahudumia mji mzima.

Kwa upande wake, kila karakana ibandike utepe kwenye kila probu: imesawazishwa kwa oskiloskopu ipi, mlango upi, tarehe gani, na tofauti yake na multimita ni kiasi gani. Mwanafunzi wa ufundi afundishwe kuandika utepe huo kabla hajafundishwa kusoma wimbi. Atakapofika siku moja kumwambia mteja kwamba kipuri fulani kimekufa, awe na kitu cha kuonyesha zaidi ya picha ya kwenye skrini.